Kasuku Barazani, Noah Uani

Msikilizaji, leo sina habari za Bunge wala za bei ya petroli. Nataka tukae nyumbani kidogo, tuzungumzie yale mambo yanayompa mtu moyo akishavua viatu vya kazini. Kuna wenye maua yao kwenye makopo, kuna wafuga njiwa, kuna mzee na bao lake chini ya mwarobaini, hata akiitwa chakula hasikii. Mimi nimechagua kasuku na gari, maana hao wawili nimewaona wakigombania baraza moja, na ugomvi wao ni mtamu kusimulia.

Baraza lenyewe ni la shangazi yangu, Tanga, mitaa ya Ngamiani. Shangazi ana kasuku, mumewe ana Noah. Kila mmoja anasema mwenzake amezidi.

Nianze na Noah, nisije nikanuniwa. Ni gari lililokwisha kufanya kazi yake Japani kabla ya kuvuka bahari, sawa na mengi tunayoyaona barabarani. Kule gari la nyumbani likiwa jipya hupelekwa kwenye ukaguzi wa lazima baada ya miaka 3, halafu kila baada ya miaka 2, na ukaguzi una gharama zake. Wengi wakipiga hesabu huona heri waliuze wachukue jingine. Nao wanapita kushoto kama sisi, usukani uko kulia, basi soko likawa huku. Kenya wameweka mpaka: gari lililozidi miaka 8 halipokelewi. Uganda mpaka wao ni miaka 15. Kwetu Tanzania kuukuu linaingia, ila uchakavu wake unalipiwa kodi. Ndiyo maana mitaani kwetu hakuna anayeuliza kadi ya gari ajue heshima yake. Watu hutazama herufi kwenye kibao cha namba, wajue liliingia lini nchini. Ukisikia kijana anasema fulani ana namba E, ujue kuna wivu hapo. Mume wa shangazi yuko namba C, na hapendi mzaha juu ya herufi hiyo.

Jumapili alfajiri, kabla jua halijachoma bodi, Noah hutolewa uani. Ndoo zinakuwa mbili: moja ya sabuni, nyingine ya kusuuzia kitambaa, ili mchanga wa matairini usirudi juu ukakwaruza rangi. Sabuni ya unga ya kufulia ni marufuku, inaondoa nta. Akimaliza juu, mzee huvua shati, hutandika mkeka wa zamani, huchukua tochi na kuingia chini kuangalia chasisi. Majirani humcheka kwa hilo. Mimi namuunga mkono. Kaskazini ya Japani theluji ikianguka barabara humwagiwa chumvi ili iyeyuke, na gari la sehemu hizo laweza kung'aa juu huku chini limeliwa na kutu. Likiletwa Tanga, penye upepo wa bahari, kutu inaendelea pale ilipoishia.

Akitoka chini ya gari hukaa barazani na chai yake, akaitazama Noah. Haendi nayo popote. Anaitazama tu. Nimewahi kumuuliza anaona nini, akanijibu, "Wewe kaa na redio yako."

Sasa yote haya yanafanyika hatua chache kutoka tundu la Sultani.

Sultani ndiye kasuku. Ni wa kijivu, mkia mwekundu, wale wa misitu mikubwa ya Kongo. Alikuja na lori la dagaa kutoka Kigoma, zama ambazo hakuna mtu mtaani aliyejua kwamba ndege anahitaji karatasi. Aliletwa akiwa kinda mwenye macho meusi. Wakikua, jicho hupauka polepole mpaka likawa la manjano, na wanaowajua hukisia umri kwa kutazama hapo. Porini chakula chao kikubwa ni chikichi, na shangazi akipata mtu anayetoka Kigoma humwagizia. Sultani huipokea chikichi kwa mguu mmoja, vidole viwili mbele na viwili nyuma, akaizungusha na kuing'ata upande kwa upande kama mtu anavyokula muhindi wa kuchoma. Mafuta mekundu hubaki mdomoni, naye huyapangusa kwenye kijiti. Halafu hujikung'uta.

Hapo kwenye kujikung'uta ndipo ugomvi unapoanzia. Kasuku wa kijivu ana unga. Manyoya yake ya ndani husagika yakatoa vumbi jeupe, laini, ambalo ndege huyo hulitumia kutunza manyoya ya juu. Noah ya mzee ni nyeusi. Jumapili hiyo hiyo, gari halijakauka vizuri, boneti ishapata ukungu mweupe.

"Mama watoto, ndege wako ananiharibia kazi."

"Na moshi wako je, baba watoto? Unaingia wapi?"

Kwenye hili shangazi ana haki, na nitasimama kidogo kulieleza kwa sababu wafugaji wengi hawalijui. Mapafu ya ndege hayafanyi kazi kama yetu. Sisi hewa inaingia na kutoka kwa njia moja, na ya zamani haiishi yote kifuani. Ndege ana vifuko vya hewa mwilini vinavyoisukuma hewa ipite mapafuni upande mmoja tu, na kila pumzi inanyonywa vizuri sana. Ndiyo inayomwezesha kuruka bila kuishiwa. Lakini penye sumu, sumu nayo hunyonywa vizuri vile vile. Wachimba makaa ya mawe wa Uingereza walikuwa wakishuka shimoni na ndege wadogo wa manjano, kanari, ili hewa ikichafuka ndege aanguke kwanza na wao wapate nafasi ya kukimbia. Mtindo huo waliuacha rasmi mwaka 1986 tu, vilipokuja vipimo vya umeme. Kwa hiyo kupasha injini moto asubuhi mita mbili kutoka kwenye tundu ni kumtesa ndege. Hata kikaangio cha kisasa, kile kisichoshika chakula, kikisahauliwa jikoni kikaungua hutoa hewa inayoua ndege kabla mpishi hajasikia harufu. Na parachichi, msikilizaji. Watoto wetu wanapenda kugawana na kasuku kila wanachokula. Parachichi usimpe. Linamuua.

Siku hizi Noah hupashwa nje ya geti. Mzee alikubali, baada ya siku tatu za kula bila kuongea.

Sasa tuje kwenye maneno, maana najua unasubiri kasuku aseme.

Shangazi ni mtu wa dini na alitaka ndege wake atoe salamu. Kila asubuhi akibadilisha maji alisimama mbele ya tundu akamsomea salamu, taratibu, kwa sauti ya mwalimu wa chuoni. Sultani alimsikiliza kwa jicho moja. Hakuitoa. Badala yake siku moja, saa za mchana, nyumba imetulia, watoto wa jirani wakicheza uani, ikasikika sauti ya mzee mwenyewe ikitokea barazani: kikohozi kwanza, halafu, "Nani kagusa gari?" Watoto walitawanyika. Mmoja aliruka ukuta. Mzee alikuwa msikitini.

Hakuna aliyemfundisha maneno hayo. Na kuanzia hapo akaendelea: "Karibu" ya shangazi mtu akibisha hodi, mlio wa simu yake, na vile mlango wa jikoni unavyolia, ule ambao mzee ameahidi kuutia mafuta tangu nikiwa shule. Halafu akajifunza rimoti ya gari.

Wenye magari mnaijua. Ukishuka, unabonyeza kidude mkononi, gari linajibu twi-twi, unajua limefunga. Mzee ana mtindo wa kubonyeza akiwa amekwisha kulipa gari mgongo, anatembea zake kuelekea ndani, mkono unanyooshwa nyuma. Twi-twi, huyo kaingia. Jioni moja betri ya rimoti ilikuwa imekufa. Mzee akabonyeza, akasikia twi-twi, akaingia, akala, akalala. Asubuhi akakuta Noah iko wazi, paka wa jirani kalala kiti cha dereva na manyoya yake kila mahali. Alimwita fundi wa umeme wa magari. Fundi akajaribu rimoti mara kadhaa, gari kimya, akasema betri imekwisha, shilingi chache tu. Mzee akakataa katakata: "Jana limejibu, nimelisikia kwa masikio yangu." Wakabishana pale. Fundi akabonyeza tena ili amwonyeshe. Twi-twi. Fundi akageuka akatazama juu, akamwona Sultani kaning'inia kichwa chini, mboni za macho zinapanuka na kusinyaa kama zifanyavyo akifurahi.

Watu wakisimuliwa kisa hiki hucheka, halafu husema ndege ana akili ya kudanganya. Mimi siamini hivyo. Nadhani alikuwa anataka kitu kilicho rahisi zaidi, na ukikielewa hicho utakielewa karibu kila anachokisema.

Ndege hana nyuzi za sauti kooni kama zetu. Sauti yake hutengenezwa chini, kifuani, pale bomba la hewa linapogawanyika kuingia mapafu mawili, na kasuku ana ulimi mnene anaousogeza kuipa sauti hiyo sura. Hicho ni chombo tu. Kunguru naye anacho chombo chake kifuani, na sijaona aliyemwita mtu kwa jina uani kwangu. Cha kujiuliza ni kwa nini kasuku anajisumbua. Porini huishi kwa makundi, na jioni hukusanyika mamia kwenye miti ya kulala. Humo msituni majani yanaziba macho, kinachowashikanisha ni sauti. Mmoja anaita, mwenziwe anajibu. Asiyejibiwa yuko peke yake, na ndege aliye peke yake ni chakula cha mwewe. Sasa mchukue huyo umweke Ngamiani. Kundi lake ni shangazi, mzee, wajukuu na wageni wa saa kumi jioni. Anatafuta sauti ambayo akiitoa hawa watu watageuka. Akisikia simu inalia anaona shangazi anaacha sufuria anakimbia. Akisikia twi-twi anajua mzee amefika. Akisikia "Nani kagusa gari?" anaona uani pote panabadilika. Hizo ndizo sauti zenye nguvu nyumbani, basi anaziokota. Salamu ya asubuhi ilikuwa nzuri, ila shangazi alikuwa akiitoa peke yake, na hakuna mtu aliyemjibu.

Mwanasayansi wa Kimarekani, Irene Pepperberg, aliliona jambo hili akalifanya njia ya kufundishia. Mwaka 1977 alinunua kasuku wa kijivu katika duka la ndege Chicago, akamwita Alex, akamsomesha mpaka ndege huyo alipokufa mwaka 2007. Alex alijua majina ya vitu vingi, rangi na maumbo. Akiwekewa funguo mbili akaulizwa tofauti yao ni nini, alijibu rangi, na tofauti ikiwa ya umbo alisema umbo. Alihesabu mpaka 6. Sasa sikiliza alivyofundishwa. Walikaa watu wawili mbele yake. Mmoja anashika ufunguo anamuuliza mwenzake, hiki nini? Mwenzake akijibu sawa anapewa ufunguo auchezee, na anasifiwa. Akikosea ananyimwa. Halafu wanabadilishana. Alex yuko pembeni, anaona watu wawili wanapeana kitu na yeye hayumo, na wivu unamfanya ajiingize kwenye mazungumzo. Yaani somo lilipita kwenye mazungumzo ya watu wawili, ndege akiwa mtu wa tatu. Hakuna kukaririshwa. Nimekaa nikifikiri ni watoto wangapi wa Kiswahili wamejifunza kuzungumza hivyo hivyo, nyuma ya mgongo wa mama na jirani yake, huku wanadhaniwa wanacheza.

Na kuna ushahidi wa upande wa pili, ulio ndani ya Noah yenyewe. Ukiwasha gari lile, kabla ya kitu kingine chochote, inasema sauti ya mwanamke wa Kijapani, nyororo, ya adabu. Wenye magari ya Japani mnamjua dada huyo. Anamwambia dereva kwamba kadi haijawekwa. Ni kadi ya kulipia barabara kuu za Japani, zile ambazo ukipita getini mtambo unasoma kadi bila wewe kusimama. Walianza kuutumia nchi nzima mwaka 2001. Gari limekuja Tanga, geti hakuna, kadi hakuna, na dada bado anakumbusha kila asubuhi bila kuchoka. Sultani amemsikia miaka yote. Hajawahi kumwiga hata siku moja. Na kwa nini amwige? Hakuna mtu katika nyumba ile aliyewahi kugeuza shingo kwa sababu ya dada yule.

Mimi nikienda nyumba ya mtu nikakuta kasuku, hukaa kimya kwanza. Ndege atanieleza mwenyeji ni mtu gani. Kuna nyumba kasuku anakohoa kikohozi cha mgonjwa aliyekwisha kuzikwa. Kuna nyumba anaita jina la mtoto, tena na tena, kwa ukali. Uingereza, mwaka 2020, bustani moja ya wanyama ya Lincolnshire ilipokea kasuku watano wa kijivu waliotolewa na watu mbalimbali, wakawekwa chumba kimoja kwa muda wa uangalizi kabla ya kuonyeshwa kwa umma. Kila mmoja alikuja na matusi ya kwao. Mmoja akitukana mwingine anacheka, kicheko cha mtu kabisa, na wafanyakazi walipocheka nao, basi ikawa wamewasha moto. Walipotolewa nje wakawatukana wageni. Ikabidi watenganishwe. Wageni wenyewe, nasikia, walifurahi kutukanwa. Wakubwa wa bustani walihofia masikio ya watoto. Ila nafikiria zile nyumba tano zilizowatoa. Huko walikotoka kuna mtu alisoma gazeti siku ile akaitambua sauti yake.

Wazee wetu hili walilijua. Katika Alfu Lela U Lela mna kisa cha mfanyabiashara aliyemwacha kasuku nyumbani amwangalizie mke. Akirudi safari, ndege humweleza yote. Mke alipogundua, usiku mmoja mume akiwa hayupo akawaamuru wajakazi wasage kwa jiwe chini ya tundu, wanyunyize maji juu, wamulike kwa kioo. Asubuhi ndege akamwambia bwana wake kwamba hakulala kwa radi na mvua. Kilikuwa kiangazi, mbingu kavu. Mfanyabiashara akaona ameweka mwongo, akamuua. Baadaye ndipo alipojua ukweli. Mimi kisa hiki huwa nakisoma kwa upande wa ndege: alisema alichokisikia, hakuongeza neno.

Na msidhani ni hadithi ya Baghdadi tu. Michigan, Marekani, mwaka 2015 mtu aliuawa nyumbani kwake kwa bunduki. Jamaa zake wakasema kasuku wake, wa kijivu pia, alikuwa akirudia ugomvi kwa sauti mbili, ya mwanamume na ya mwanamke. Mke wa marehemu alihukumiwa mwaka 2017 kwa ushahidi mwingine. Ndege hakuletwa mahakamani. Naona walifanya vyema. Wakili angemhojije? Na nani angeapa kwamba ugomvi ule ndege hakuupata kwenye televisheni?

Shangazi yangu hasubiri mahakama. Wageni wake wa saa kumi wakifika, yaani wale wenye habari nzito za ndoa za watu, kabla kahawa haijamiminwa anasimama na kulifunika tundu kwa kanga. Giza likiingia mle ndani Sultani hudhani ni usiku, hunyamaza. Mazungumzo ndipo huanza.

Nimesema mengi ya kuchekesha, na najua kuna msikilizaji anajiambia lazima nipate wangu. Basi nisikilize. Kasuku wa kijivu walio porini wanaisha. Ghana, watafiti waliolinganisha hesabu za miaka ya 1990 na za karibuni walikuta wamepungua kwa asilimia 90 hadi 99. Kongo wanashuka kwa mamia kwenye maeneo ya wazi msituni, wanakotafuta udongo wenye chumvi, na huko wawindaji wanapaka ulimbo kwenye matawi. Ndege akitua manyoya yanagandia. Wanang'olewa, wanasokomezwa kwenye makreti, na wengi hufa kabla hawajaona soko. Kindu, mkoani Maniema, kando ya mto Lualaba, kuna watu wanaowauguza wale waliokamatwa mikononi mwa walanguzi, mpaka manyoya yaote upya waweze kurudishwa msituni. Mwaka 2016, mkutano wa nchi zinazosimamia biashara ya viumbe wa porini ulikaa Johannesburg ukampandisha kasuku huyu daraja la ulinzi wa juu kabisa, na tangu mwanzo wa 2017 ni haramu kumuuza nje ya nchi yake akiwa ametolewa porini. Hata kumfuga tu, huku kwetu na Kenya pia, kunataka kibali cha mamlaka ya wanyamapori. Zama za lori la dagaa zimepita, na shangazi mwenyewe ukimuuliza atakwambia kwamba kwa anayoyajua leo, lile lori lingepita na mzigo wake.

Halafu kuna suala la miaka. Kasuku wa kijivu akitunzwa vizuri hufika miaka 40, wengine 60. Noah, hata ikioshwa kila Jumapili na kulaliwa chini kwa tochi, haitafika. Juzi juzi tulikaa kikao cha familia, shangazi akalitoa mwenyewe, bila huzuni, kwa sauti ya mtu anayegawa majukumu ya harusi: akifa yeye, nani atamchukua Sultani? Kikao kikanyamaza. Mzee akaona nafasi yake, akauliza, na Noah je, nani ataichukua? Mikono ilinyooshwa minne. Shangazi akasema vizuri, vinakwenda pamoja. Mikono ikashuka, ukabaki wa mjukuu mmoja wa kike anayesoma VETA, umakanika wa magari, na huyo ndiye aliyeandikwa. Sasa Jumapili anakuja na ovaroli yake, analala chini ya gari babu akiwa amekaa, na akitoka anamwosha ndege kwa bomba la kunyunyizia maua, maana kasuku anapenda maji na akilowa unga haupeperuki kufika kwenye boneti. Babu na bibi hawakuwahi kuliwaza hilo kwa miaka yote ya kugombana.

Muda wangu unakwisha. Najua kuna nyumba ambazo mwenyewe akitoka humwachia kasuku redio imewashwa asijione mpweke, na pengine akarudi akakuta ndege kajifunza Kiswahili fasaha. Pepperberg alijaribu hilo kwa kasuku wachanga, akawaachia sauti za kanda bila mtu wa kuzungumza nao. Hawakujifunza kuyatumia maneno yale. Kwa hiyo mimi na dada wa Kijapani tuko sawa mbele ya Sultani. Nimesema dakika zote hizi na hatachukua hata neno. Atakachochukua ni ule mlio wa saa unaotangulia taarifa ya habari, kwa sababu mlio ule ukisikika tu mzee hupiga kelele, "Nyamazeni!" na nyumba nzima hunyamaza. Nimeambiwa siku hizi Sultani anatoa yote mawili, mlio na amri, saa yoyote anayojisikia, na shangazi ameshanyamaza mara nyingi bila habari yoyote kusomwa.

Sasa hivi lakini ni ya kweli. Taarifa ya habari inafuata.